Injini ya Saruji

Mwezi uliopita nilirudi Babati kwa kipaimara cha mtoto wa binamu yangu. Pale stendi nilichukua bajaji, mimi na wanangu, itupeleke Bagara. Kijana aliyetuendesha alikuwa na maneno mengi, mpira na siasa, nami nikaitikia tu huku nikizitafuta kwa macho nyumba ninazozijua. Tulipofika akageuza ufunguo, bajaji ikazimika. Watoto wakaruka chini na mizigo. Mimi nikabaki nimekaa, nimetega sikio, hata kijana akageuka: "Mama, tumefika." Nikamwambia najua tumefika. Sasa utamwelezaje mtoto wa watu kwamba injini ikizimwa, wewe huwa unasubiri kwanza uone kama imezimika kweli?

Lakini wewe nitakueleza, maana hatuna haraka.

Nililelewa hapo Bagara na bibi yangu, mama yake baba. Mama yangu alikuwa akifanya kazi Arusha na kuja sikukuu. Bibi aliteremka kutoka Mbulu akiwa bibi arusi, na Kiswahili chake mpaka anakufa kilitokea kooni, kigumu kigumu, lakini akikukaripia unaelewa kila neno. Uani kwetu kulikuwa na mparachichi, ghala la mahindi, na banda la mabati ambalo ndilo lilikuwa gereji ya baba mdogo. Nusu ya ua ilinuka mbaazi zikichemka, nusu nyingine oili chafu. Sare yangu ya shule ilibeba harufu zote mbili, na mwalimu wangu alinikalisha dirishani kwa sababu hiyo. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kupukuchua mbaazi, na wakati huo ndipo nilipoyaona haya ninayokusimulia.

Baba yangu alikuwa dereva wa mbio za magari, zile mbio za vumbi ambazo mji mzima ulitoka barabarani kuzitazama, enzi lami haijafika. Alikuwa na kigari cha michezo cha milango miwili, chekundu kilichofifia, cha zamani hata wakati huo, alichokinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Siku moja kwenye mteremko wa Bonga konrodi ilikatika. Konrodi ni ule mkono unaoishika pistoni. Ukikatika kwa kasi ile hutoboa injini, na oili ilimwagika kwenye matairi ya nyuma, gari likaacha barabara. Mimi nilikuwa mdogo mno. Simkumbuki baba hata kidogo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Baba mdogo hakulia msibani. Watu walimsema sana. Alichofanya ni kulivuta lile gari mpaka uani, akang'oa injini iliyotoboka, akaapa mbele ya bibi kwamba atafunga nyingine, yenye nguvu kuliko ile, na hii haitakatika. Yafaa ujue kwamba ile ya kwanza aliifunga yeye, kwa mikono yake, kwa ajili ya kaka yake.

Basi ikaanza kazi, nayo ilichukua miaka, kifaa kimoja kimoja. Bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, ilitoka Arusha juu ya basi. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, aliitundika kwa kamba kwenye tawi la mparachichi, akaigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kwa sababu krenki nzima hulia kama kengele na yenye ufa hulia kama sufuria mbovu. Ile ililia, ikalia, sauti ikaenda mbali na kurudi, mpaka katekista jirani yetu akatoka nje na kofia mkononi kuuliza nani amefariki. Tulicheka, jamani! Bibi peke yake hakucheka.

Konrodi alizisugua kwa msasa laini jioni baada ya jioni mpaka nikajiona uso humo. Ufa huanzia kwenye mkwaruzo, aliniambia, hata ule usiouona. Akaweka pistoni za chuma kilichofuliwa, bolti nene, beringi mpya, kila kitu alikipima, akakifungua, akakipima tena. Alipojisifu kwamba injini hii itakuwa na nguvu za farasi wengi kuliko ile ya mwanzo, bibi alimuuliza hao farasi wanakula nini, maana mahindi yenyewe hayatutoshi. Mimi nilimpenda baba mdogo kuliko mtu yeyote, lakini siku hizo akikutazama unahisi anatafuta ufa.

Kikabaki kitu kimoja cha kumnyima usingizi, nacho ni kuta za silinda, yale matundu pistoni zinamopanda na kushuka. Nguvu ikizidi, alisema, kuta zile nyembamba hucheza, na zikicheza hupasuka. Mafundi wa magari ya mbio hujaza saruji chini ya bloku, kwenye nafasi ya maji ya kupozea. Maji yanapungua, lakini kuta zinakuwa na pa kuegemea. Nilimwona akimimina uji wa saruji kwa faneli, polepole, huku akigongagonga pembeni ili mapovu yapande. Mama mwenye duka, jirani yetu aliyehamia kutoka Moshi, alisimama mikono kiunoni, akaniambia, "Baba yako mdogo anaijengea injini nyumba." Nikacheka tena. Mtoto hajui cha kuchekea.

Maana wiki hiyohiyo tulikuwa tumetoka Singe, shambani kwetu, kulisakafia kaburi la baba. Lilikuwa limekaa na udongo wake muda mrefu, mpaka ukoo ukajipanga. Kazi ilipoisha bibi alitoa agizo ambalo kwao Mbulu halihitaji maelezo: kilichobaki makaburini kinabaki makaburini. Maji yamwagwe palepale, sepetu zioshwe, saruji iliyobaki ifukiwe pembeni. Tukanawa mikono, tukala makande kati ya mahindi yaliyokauka, tukarudi nyumbani kwa miguu. Baba mdogo alisema atatufuata na baiskeli.

Injini iliwashwa Jumapili jioni. Ilikohoa, ikakwaruza, kisha ikashika. Ilikuwa sauti nzito ya chini, unayoisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Kuku walikimbilia ghalani. Jua lilikuwa likishuka, na kule kwenye ziwa la Babati viboko wakaanza kukoroma kama kawaida yao ya jioni, basi ukawa hujui nani anamwita na nani anaitika. Baba mdogo alikuwa anatabasamu, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka. Akageuza ufunguo kuzima.

Injini haikuzimika.

Akauchomoa ufunguo, akautazama. Injini ikaendelea bila ufunguo, polepole sasa, kwa kusitasita, ikilitikisa gari zima, kama mtu anayeongea usingizini. Halafu ikagutuka mara moja na kunyamaza. Baba mdogo akatuelezea haraka haraka: ni joto, saruji imepunguza maji, ndani kuna mahali pamebaki pekundu, petroli ikifika pale inawaka yenyewe bila plagi. Ni maelezo mazuri na leo nayaamini. Lakini wakati ule nilikuwa namtazama bibi.

"Saruji hiyo uliitoa wapi?" bibi aliuliza.

Baba mdogo akaanza kufuta spana.

"Nakuuliza wewe. Saruji uliitoa wapi?"

"Ilikuwa nusu mfuko, mama. Ingeharibika bure."

Bibi alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, yeye ambaye hakuwahi kukaa bila kigoda. Akasema kwa lugha yetu, taratibu, na mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya ndoo nilisikia vizuri: "Umemtoa mwenzako alikolala."

Baada ya hapo nyumba haikuwa nyumba. Kila jioni baba mdogo alibadilisha kitu, plagi za aina nyingine, feni kubwa zaidi, kabureta akaifungua na kuifunga, na kila jioni akichomoa ufunguo injini iliendelea muda mrefu kidogo kuliko jana. Inatisha, nakwambia, ukiona gari halina mtu, halina ufunguo, na usukani unatetemeka wenyewe. Katekista alikuja kutuombea akaishia getini. Mama wa dukani akawakataza wanawe kukatiza uani kwetu. Lisemwalo lipo, walisema watu kisimani, na kama halipo laja.

Na mbio zilikuwa Jumamosi. Njia ileile, mteremko uleule wa Bonga. Bibi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. Alimwekea baba mdogo ugali na perege mezani, akakaa mbele yake.

"Nilizaa wawili," akamwambia. "Mmoja yuko Singe. Unataka nibaki na nani?"

"Nikipita Bonga salama, mama, itajulikana kwamba si mimi niliyemuua."

"Nani alikwambia ni wewe?"

Chakula kikapoa, baba mdogo akainuka akarudi kwenye gari lake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, bibi alizoea kutuambia sisi watoto, lakini siku ile hakuusema huo msemo. Alikusanya vyombo tu.

Na mimi je? Mimi, ndugu yangu, katika yote hayo nilikuwa nimeshika neno moja. Baba yupo. Wakubwa waliogopa, nami niliogopa pia, usiku nilijifunika shuka mpaka kichwani, lakini chini ya woga kulikuwa na furaha ambayo sikuthubutu kumwambia mtu. Wenzangu shuleni walikuwa na baba wa kuwapeleka, baba wa kuwachapa. Mimi wangu alikuwa uani, chini ya boneti, anaongea.

Ijumaa nilirudi kutoka shule nikamkuta baba mdogo ndiyo anarudi kulijaribu gari barabarani. Akaliingiza uani, akazima, akatia ufunguo mfukoni, na kama kawaida injini ikaendelea. Bibi alikuwa mlangoni na uteo wa mbaazi. Sasa kwetu kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: humpiti mkubwa bila kumwamkia, hata kama umemsikia tu nyuma ya ua wa michongoma. Nami nilijiona nimempita baba yangu wiki nzima. Nikaweka begi chini, nikasogea, nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto lakini sikuutoa mkono.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Injini ikashuka. Kule kutetemeka kukaisha, sauti ikawa laini kabisa, laini kuliko nilivyowahi kuisikia, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuishusha. Kisha ikazimika.

Nikasubiri. Nilikuwa bado nasubiri kuitikiwa wakati niliposikia sauti nyingine, nikafikiri ni mnyama, kumbe ni baba mdogo. Alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu, amejishika kichwa, analia. Alilia kilio chote cha msiba ule, tangu mwanzo, akimwita kaka yake kwa jina la utotoni. Bibi aliweka uteo chini, akaja akamshika kichwa akakikumbatia tumboni kwake, wala hakumnyamazisha. Marahaba hakuna aliyeniitikia.

Jumamosi magari ya mbio yalipita barabara kuu, tukaona vumbi lake juu ya miti na kusikia watu wakipiga vigelegele. Baba mdogo hakuinua uso. Alikuwa anafungua bolti. Saruji haiwezi kutenganishwa na bloku, ikishashika imeshika, kwa hiyo ilibidi injini iende yote. Waliipandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukaifuata kwa miguu mpaka Singe, na bibi alibeba konrodi zote zinazong'aa amezifunga kwenye kitenge chake kizuri. Tukaifukia miguuni pa kaburi. Safari hii baba mdogo alinawa mikono mara mbili, na hakubeba kitu kurudi.

Nimewasimulia mafundi habari hii, wakanicheka. Wanasema ilihitaji rejeta kubwa tu, kwamba tulizika injini nzuri bure. Inawezekana. Mimi ninachojua ni kwamba bibi alizaa wawili na mmoja wao akabaki wa kumzika, kama mama yeyote anavyotamani.

Safari hii sikuukuta mparachichi. Banda la mabati limekuwa fremu za kuuza simu, na mama wa dukani alisharudi kwao. Viboko, watu wanasema, bado wapo, lakini jioni nilizokaa sikuwasikia, labda kwa makelele ya bodaboda. Siku hizi hakuna mtu anayekaza macho kwenye barabara ya vumbi kungojea gari jekundu. Watoto wa sasa hata ukiwaambia hawakuamini.

Baada ya kipaimara baba mdogo alitupeleka Singe tuwasalimie wazee wetu makaburini. Amezeeka, ndevu nyeupe, anatembea na fimbo. Tukang'oa majani. Binti yangu mkubwa, ambaye huuliza maswali yasiyoulizika, akaniuliza babu yake alikuwa na sauti gani.

Kwa kweli sijui. Nimejaribu maisha yangu yote kumsikia akiniita jina, sipati kitu. Lakini mtoto alikuwa ananitazama, nikamwambia ilikuwa nzito, ya chini, inakwaruza kidogo ikianza, halafu inakuwa laini. Baba mdogo alikuwa amesimama hapo hapo, yeye aliyekua na baba yangu, aliyelala naye kitanda kimoja, anayeijua ile sauti kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani. Alinitazama, akainamisha macho, na hakunisahihisha.