Supu Yangu, Nyama Yako

Tao Guizhen wa mtaa wetu pale Wuhu, China, hapiki samaki tena. Majirani wanasema anaringia msiba. Wapumbavu. Mimi nilikuwepo: mwaka ule mume wangu alilazwa hospitalini, kitanda cha pili kutoka kwa binti wa Guizhen, Lanying.

Lanying alikuwa na saratani ya damu. Mdogo wake alikuwa tayari kumtolea chembe za uboho apandikizwe, lakini daktari alitaka kwanza protini ya damu ipande. Ikiwa chini, alisema, wengi hawavuki. Ilikuwa ishirini na sita. Alitaka thelathini na tano.

Guizhen akaingia jikoni. Kila adhuhuri alileta samaki mweusi wa mtoni, aliyechemshwa hadi supu ikawa nyeupe kama maziwa. Kwetu hata mtoto anajua kwamba nguvu yote huhamia kwenye supu. Basi binti akanywa supu, na mama, asiyetupa chakula, akala nyama.

"Dada, unanenepa wewe!" nilimtania. "Mgonjwa ni nani hapa?"

"Nyamaza huko! Makapi haya yamnenepeshe nani?"

Tukacheka. Mungu anisamehe kicheko kile.

Kipimo kikashuka hadi ishirini na nne. Akaongeza samaki. Ishirini na mbili. Ugonjwa nao ukaanza kunyemelea upya, na daktari akasema hakuna tena muda wa kusubiri.

Asubuhi ya kumhamishia chumba cha upandikizaji, daktari alilitazama bakuli. "Mama, protini iko kwenye nyama. Supu ni maji tu. Nyama anakula nani?"

Guizhen alilivuta bakuli kwake.

"Ni mimi, daktari," Lanying akadakia. "Nakula yote. Mama huyu ananishindilia mpaka basi!"

Lanying alifariki siku ya thelathini na moja baada ya kupandikizwa. Daktari alisema pengine nyama isingebadili kitu, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huishusha protini. Guizhen hakumsikia. Mpaka leo akinikuta sokoni hunishika mkono, na vidole vyake ni vya baridi.

"Mdogo wangu, Lanying alijua habari ya nyama tangu lini?"

Namwambia sijui. Naogopa kumwambia. Wiki ya kwanza tu nilitaka kumuuliza Guizhen kwa nini asimpe binti na nyama kidogo, na Lanying akanivuta shati: "Shangazi, muache. Tangu niugue, ni hapo tu namwona mama akila."