Siku Tisa za Kungoja

Mimi ni mtu niliyebadili gurudumu ndani ya kreta ya Ngorongoro huku simba ishirini wakinitazama. Sawa, walikuwa wawili, na mmoja alikuwa amelala. Lakini sikutetemeka. Kilichonitetemesha ni barua.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wazee wawili wa Kijerumani, mtu na mkewe, niliowaendesha kwa Landrova, walinialika kwao wiki mbili. Waliomba kitu kimoja: niwaandikie ratiba ya safari. Nikafungua atlasi niliyopewa shule ya jioni, nikapanga kwa akili ya mtu wa Karatu. Wakati wa masika basi letu la Arusha lilizoea kuzama kwenye tope mlimani, juu ya mji wa Mto wa Mbu, mkalala hapo hapo na kuku wenu. Kwa hiyo kila mahali pa kubadili treni niliweka siku nzima ya kungoja. Katika siku kumi na nne, tisa zilikuwa za kungoja. Nikaituma, najiona waziri.

Jibu likaja na ratiba mpya, imepigwa chapa. Siku zangu zote zimefutwa. Frankfurt, kutoka treni moja hadi nyingine: dakika saba. Chini wameandika: ukikubali, tia sahihi, urudishe.

Nikaenda kwa Hajji mwenye duka, mtu pekee mtaani kwetu aliyewahi kupanda ndege.

"Dakika saba?" akasema. "Dereva, mimi Jeda nilipotea siku mbili, na tulikuwa kundi."

"Hajji, nimekuja unitie moyo."

"Moyo umeadimika, bwana. Kama sukari."

Nyumbani mke wangu akaweka kigoda mlangoni: treni ya kwanza. Zizi la ng'ombe: treni ya pili. Akashika saa ya mezani.

"Haya, Baba Watoto, beba sanduku. Kimbia!"

Nikakimbia, majirani wakachungulia.

"Dakika moja tu! Umewahi."

"Hapa njia naijua. Na zizi haliondoki."

Akaacha kucheka. "Unaogopa kweli?"

"Naogopa. Nikiachwa pale, hakuna hata mmoja anayejua mimi ni nani."

Akakaa juu ya sanduku. "Basi usiende."

Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Nilijiona nimezeeka, bado nawauliza wageni kwao kukoje.

Nikatia sahihi, mwandiko ukayumba kama gari kwenye makorongo. Juu kabisa nikaongeza mstari: "Siku ya kwanza: kungoja, kati ya Karatu na Arusha. Hii msiifute tafadhali. Hii naijua."

Posta niliishikilia ile bahasha kwenye mdomo wa sanduku la barua mpaka mama mmoja nyuma yangu akachoka.

"Kaka, tumbukiza. Na sisi tuna zetu."

Nikaachia. Nikasikia ikigonga chini, na mkono wangu ukabaki mle ndani, unaitafuta.