Fomu Haikusema Kosa Liko Wapi

Mume wangu Nassibu alifariki mwaka 1975, siku tatu baada ya Maulidi. Wakati huo tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa cha Njinjo, na mikorosho yetu imebaki Mitole, kijiji chetu cha zamani. Ili mjane aruhusiwe kwenda kuokota korosho zake, ilitakiwa fomu ikubaliwe wilayani. Mimi sikusoma. Alinijazia Laurenti, karani wa kijiji, Mkatoliki wa milimani, mtu mzima wa rika langu.

Fomu ikarudi na muhuri wa neno moja: HAILINGANI.

"Hailingani na nini?"

"Wangesema, dada Mwanaima, tungejua."

Tukabahatisha. Akaongeza jina la baba yangu. Ikarudi. Akabadili idadi ya mikorosho. Ikarudi. Shemeji yangu Ahmadi akawa anapita barazani na kucheka: "Eda imekwisha, shemeji, makaratasi tu hayaishi?"

Mwezi wa tisa Laurenti alidandia lori mpaka wilayani kuuliza. Kosa lilikuwa mwezi wa kifo. Mimi nilimtajia mfungo sita, naye akaandika 6. Cheti cha zahanati kilisema Machi, mwezi wa 3. Siku ni ile ile na maiti ni yule yule, ila mimi nahesabu toka Ramadhani, wao toka Januari.

"Nilimwambia bwana mkubwa," Laurenti akasema, "andikeni mstari wenye kosa, mlichotaka na mlichokikuta. Akanijibu, 'Kwani mimi mwalimu wa kisomo?'"

Toka hapo, kila mjane aliyekuja, Laurenti alimuuliza kwanza: mwezi wa serikali au wa mfungo? Fomu zao zilipita mara moja. Walijifunza kwangu, na hakuna aliyeniambia asante.

Fomu yangu ya nne ilirudi korosho zimeshaanza kuanguka. Safari hii pembeni palikuwa na maneno. Laurenti alinisomea polepole.

"Mstari wa pili. Umeomba mikorosho ya marehemu Nassibu. Imeshaandikwa kwa ndugu yake, Ahmadi." Akanitazama. "Umeelewa, dada?"

"Nimeelewa. Mara hii wameandika vizuri."

Nikamuuliza pa kujibu ni wapi. Akaigeuza karatasi, akatafuta juu, akatafuta chini. Nyuma palikuwa peupe.