Kivuko Kilichotupeleka Mpakani

Sogea karibu nikusimulie, ila ucheke taratibu, maana hata leo nikipita soko la Tunduma akina mama wa mchele huniuliza kama nimebeba pasipoti.

Wakati ule nilikuwa nachora ramani ya mji kwenye kompyuta, na Mama Zuhura, kiongozi wa wauza mchele, akaniambia, "Mwanangu, hiyo ramani ituletee matuta pale kivukoni tunapovukia barabara, malori yatatumaliza." Nikamwahidi. Nikachora barabara kuu, njia za waenda kwa miguu huku na huku, na kivuko, kila kimoja mstari wake, ila kuvifunga pamoja viwe kundi moja nikaona ni kazi ya kesho (kwa macho si vilikuwa vimegusana?).

Injinia wa barabara alipokuja kukagua kama matuta yanahitajika, badala ya kumwonyesha kivuko kwa kidole, nikatangaza kwamba simu yangu, ikifuata ramani ile, itatuongoza kutoka sokoni hadi msikitini, hapo ng'ambo tu, nikatangulia kifua mbele. Tukakifikia kivuko, simu ikasema twende mbele.

"Mwanangu, si hiki hapa?" Mama Zuhura akauliza.

"Tulia, Mama. Ramani inajua."

Tukaambaa na foleni ya malori, jua la utosi, mpaka kwenye kizuizi cha mpakani, askari akauliza tunakwenda wapi.

"Msikitini," nikajibu.

Akautazama mnara kule tulikotoka. "Mmeuacha nyuma, kaka."

"Siku hizi kuvuka barabara kunataka pasipoti," Mama Zuhura akamwambia, akina mama wenzake waliotufuata wakashikana mabega kwa kicheko.

Unajua, kwa kompyuta mistari isiyofungwa pamoja haijuani. Aliyechora upande wa Zambia alikuwa amefunga yake, basi kivuko cha kwanza ambacho simu ilikitambua kilikuwa Nakonde.

Injinia hakucheka. "Kwa ramani hii, pale sokoni hakuna anayevuka. Niandike hivyo?"

Mama Zuhura ndiye aliyemrudisha kivukoni, akamshika mkono, akamvusha kati ya malori mawili yanayonguruma, na injinia alipofika ng'ambo alikuwa ameshika kanga ya yule mama kwa mkono wa pili. Matuta tuliyapata.

Ramani nikaitengeneza jioni ileile, na wewe unayeanza kuchora utaweza, si kazi ngumu. Ukimaliza kuchora, bonyeza mstari wa barabara: njia zake za miguu na vivuko vyake visipowaka pamoja nayo, rudi ukavifunge kabla hujamwita mtu.