Mistari Sita ya Familia ya Awut

Kufikia mwaka 2013, Nekesa alikuwa amekufa ganzi moyoni. Wengine walisema ni joto la Lodwar. Mimi nasema ni majina. Miaka mitatu alitunza programu ya orodha ya mgao wa chakula kambini Kakuma, maelfu kwa maelfu, hadi watu wakawa kwake maandishi ya skrini. Hakuwa mtu mbaya. Alikula, akalala, akaja ofisini Lodwar saa mbili kamili.

Jumatano ikaja shida. Awut, mkimbizi wa Sudan Kusini, alikuwa amekwenda kuripoti kwamba mwanawe Wol, wa miaka minne, amefariki. Mwingine angenyamaza aendelee kuchukua posho ya marehemu. Yeye akasema kweli. Programu ikamtenda nini? Ikafuta familia nzima! Mgao ulikuwa Ijumaa, na watu watano hawakuwamo orodhani.

Nekesa akachukua nakala ya orodha ya wiki iliyotangulia, akairudishia programu ile ripoti ya Awut. Akatumia debaga, chombo cha kuisimamisha programu katikati ya kazi ili uchungulie imeshika nini. Akaisimamisha kabla haijafuta. Familia ilikuwa pale, salama salimini. Kuandika upya kila jina, umri na namba kungemchosha, kwa hiyo akaiambia debaga igeuze vyote ilivyovishika kuwa amri tayari za kuwaingiza orodhani, mstari mmoja kwa kila mtu. Ikatoa mistari sita. Akainakili, akaibandika kwenye dirisha la amri la orodha halisi, akabonyeza. Kosa la programu lenyewe akalirekebisha kabla ya chai.

Kazi safi, wacha wee! Lakini debaga hunakili inachokikuta, haijui msiba. Nekesa aliujua, na mistari hakuisoma.

Ijumaa alikuwa Kakuma kusimamia mgao. Awut akapewa kadi mpya. Akaitazama, akaitazama tena, akaja mezani.

"Dada, Wol iko hapa."

Nekesa akaangalia. Kweli, jina la sita.

"Pole, mama. Kosa ni langu. Tujaze fomu tena, ndipo upewe chakula. Wewe useme tu jina, umri, na kwamba..."

"Hiyo nilisema mara moja." Awut hakupaza sauti. "Kusema tena mimi siwezi. Sema wewe."

Utaratibu ulitaka taarifa isomwe kwa sauti mbele ya mzazi. Nekesa akaijaza haraka, akaanza kusoma kama anavyosoma chochote.

"Wol. Miaka minne."

Akakwama. Lilibaki neno moja tu, na halikutoka. Akashika ukingo wa meza. Foleni nyuma ikaanza kunung'unika.

Awut akageuka kuitazama foleni.

"Maliza, dada," akasema. "Watu wana njaa."