Kofia ya Ubatizo

Vita ilijaza Butembo watu kutoka kila upande, mais batoto hawakuacha kuzaliwa. Na mama gani angepeleka binti yake ubatizo na masikio matupu, watu waseme ni mutoto mwanaume? Donc kazi haikunipungukia. Meza yangu ilikuwa mbele ya nyumba. Mutoto mumoja, sindano moja. Naichemsha, nanawa na sabuni mpaka kwenye viwiko, napakaa sikio lotoko, ile pombe kali ya mahindi, natoboa. Mutoto anaanza kulia nimeshamaliza. Hakuna sikio hata moja lililotoka usaha kwangu. Nilikuwa na kiburi, na nilikuwa na haki nacho.

Siku moja muke wa kaka yangu akaja. Walikuwa wamekimbia vita kule Kanyabayonga kwa miguu, wakalala kwenye darasa la paroisse, kule kanisani, pamoja na jamaa zingine nyingi, maji ni ya kugombania. Ubatizo wa binti yake wa miezi mitatu ulibakia siku ine. Nikafungua kitenge, nikaona nyuma ya masikio vipele vyenye maji. Ngozi kama ile haitobolewi, inangojewa ipone. Ningesema hivyo tu, ingetosha. Lakini bamama batatu balikuwa bakingoja, na kinywa changu kinapenda kusikiwa.

“Mimi hapana toboa uchafu. Enda oshe mutoto kwanza.”

Bamama bakacheka. Yeye akafunga mutoto mugongoni, akaenda.

Siku ya ubatizo mutoto alivaa kofia nyeupe ya sufu, imevutwa mpaka kwenye shingo, na jua lile lote. Padri alipokuja na maji, mama aliifunua kwenye paji la uso tu. Mimi hata niliisifu ile kofia.

Kisha siku mbili kaka yangu akaja mbio: mutoto anaungua na homa, anakataa ziwa. Nikafika, nikavua kofia mimi mwenyewe. Mungu wangu! Sikio la kushoto lilikuwa limevimba, usaha umegandisha nywele. Jirani wa mule darasani ndiye alitoboa, na pini ya nguo, akapitisha uzi wa gunia. Nikabeba mutoto mpaka centre de santé kutibiwa, mama yake nyuma yangu.

Infirmière, muuguzi wa pale, akakata uzi, akakamua, akapiga sindano. Akasema mutoto atapona, mais kipande cha sikio kimeoza, hakitarudi. Hasira ikanipanda. Nikamuuliza muke wa kaka yangu kwa nini alificha kitu kama kile.

Akaangalia chini. “Yaya, dada mukubwa, nilijua utaniambia tena ni uchafu.”



Kesho yake nikapeleka kule darasani ndoo ya maji yaliyochemshwa, chumvi na sabuni. Nikaomba muke wa kaka yangu musamaha mbele ya watu wote, na sauti kubwa ile ile niliyomutukana nayo. Akafungua kitenge, akanipa mutoto.