Siku Shangazi Tatu Alipopokea Kisu Mkononi

Jana asubuhi mnoa visu alipita mtaani kwetu, huku Chanika. Nilimsikia kabla sijamwona: ile chiii ya jiwe likila chuma, inanyamaza, inaanza tena, halafu kengele ya baiskeli. Nikatoka mbio na kisu changu kifupi mkononi, chai nimeiacha mezani inapoa. Kisu chenyewe mkikiona mtanicheka. Hakina ncha. Ni kipande cha kisu, mbele kimeviringwa kama ulimi, na mpini wake umezungushiwa kamba ya katani. Binti yangu Rehema, ambaye ananikwepa tangu juzi kioo cha simu yangu "kilipojipasua chenyewe," anasemaga kisu hicho hata wanunuzi wa chuma chakavu watakikataa. Simlaumu. Hajui kilikotoka. Ngoja niwaambie nyie.

Nilikuwa na miaka kumi, naishi Tandika kwa dada yake baba, Shangazi Tatu. Alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, kuanzia Yombo mpaka Mbagala, akitajwa yeye kwamba ndiye atakayepika, watu walianza kumeza mate siku tatu kabla. Alikuwa mnene, mcheshi, ana sauti ya kumwita mtu aliyeko mtaa wa pili bila kusimama kitini. Na alikuwa na kisu kimoja tu cha kwake, cheusi, cha kufuliwa kwa mkono, alichoachiwa na bibi. Kikipita kwenye kitunguu husikii kitu.

Sasa, nyumbani kwetu kisu hakipokelewi mkononi. Ukitaka kumpa mwenzio kisu unakiweka chini au kwenye sinia, yeye anakiokota. Ukimpa mkononi mtagombana, basi, hakuna mjadala. Shangazi aliliamini jambo hilo kwa moyo wake wote. Nimeshamwona amesimama na vitunguu vinaungua kwenye sufuria, anamngoja msaidizi akiweke kisu mezani ndipo akichukue.

Mwaka ule alikuwa ameniahidi kitu. Harusi itakayofuata, nitakaa mkekani na wanawake wakubwa, nikate vitunguu. Nyie mnaona jambo dogo. Mie nilikuwa nalala na kuamka na mkeka ule. Pale ndipo habari zote za mtaa zilikuwa zinasemwa, nani kaposwa, nani kakataliwa, na watoto wote walikuwa wanafukuzwa. Nilishajifunza hata namna ya kukunja miguu.

Halafu nikafanya upumbavu. Juu ya kabati Shangazi aliweka kopo la maziwa ya unga lililojaa ubuyu, na mfuniko wake ulikuwa mgumu kama roho ya mwenye nyumba. Mchana mmoja niliachwa peke yangu. Vidole vikashindwa, kijiko kikapinda. Nikachukua kisu cha Shangazi, nikaingiza ncha chini ya mfuniko, nikabinya. Pa! Mfuniko ukafunguka, na ncha ya kisu ikadondokea humo humo kwenye ubuyu, kipande cha urefu wa ukucha wa dole gumba. Yarabi! Niliogopa hata kuingiza mkono. Nikalifunga kopo kwa nguvu zangu zote, nikalirudisha juu, nikaenda kucheza rede.

Jioni Shangazi akakiona kisu. Ndani tulikuwa watatu: yeye, mie na paka.

"Nani kakivunja?" akauliza.

Nikasikia sauti yangu mwenyewe inajibu, "Labda panya."

Shangazi akaniangalia, akamwangalia paka, akaniangalia tena. "Panya," akasema. "Haya." Na wiki ile nzima sikuomba ubuyu hata siku moja, mie Zuhura, niliyekuwaga naomba ubuyu kabla ya shikamoo!

Jumamosi akaniambia nivae gauni la sikukuu, tunakwenda kwenye maonyesho ya visu. Yalikuwa yamekuja kwenye viwanja vikubwa kule kule kwetu Temeke, na redio zilikuwa zinayapigia kelele tangu mwanzo wa mwezi: wahunzi kutoka mikoani, wafanyabiashara kutoka nje, visu vya kila namna chini ya paa moja. Harusi ilikuwa wiki inayofuata na Shangazi hakuwa na kisu. Tukaenda kwa miguu, yeye amebeba mkoba uliojaa vitunguu, na kisu kilichovunjika amekifunga kwenye gazeti ili awaonyeshe mafundi mfano. Mie nilikuwa na furaha ya kwenda na hofu ya kujulikana.

Getini tukakutana na mlinzi, kijana mrefu mwenye sare mpya.

"Mama, kisu hakiingii."

"Hakiingii wapi?"

"Kwenye maonyesho."

"Maonyesho ya nini, mwanangu?"

Kijana akakohoa. "Ya visu, mama."

Shangazi alicheka mpaka akamshika bega kijana wa watu. Lakini amri ni amri. Kisu chetu kikaandikiwa namba, kikawekwa kwenye ndoo, na ndani ya ndoo mlikuwa na visu vingine kama ishirini, kumbe hatukuwa wa kwanza. Vitunguu alivikagua kimoja kimoja, akakosa sheria ya kuvizuia, akatuachia.

Jamani, kule ndani! Banda lilikuwa refu, huoni mwisho wake, na juu bati linachemka. Mapanga yamepangwa kwa urefu kuanzia la kufyekea mpaka dogo la mtoto. Visu vya buchani vipana, majambia yenye mipini ya kung'aa, visu vya kuchongea vinyago vidogo kama kijiti cha meno. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya mashine na chuma na jasho. Nilisimama mbele ya kisu kimoja kikubwa nikaona uso wangu umerefuka mpaka kidevu kimefika tumboni, nikajichekea mwenyewe mpaka Shangazi akanivuta. Kijana mmoja mwenye kipaza sauti cha kichwani alikuwa anakata nyanya vipande vyembamba mno, anavibandika kwenye kioo, watu wanapiga makofi. Matango aliyokata aligawa bure. Shangazi alikula sita, akasema chumvi imekosekana.

Adha nazo zilikuwepo, nisiwadanganye. Kwa kimo changu, nusu ya maonyesho nilichoona ni viuno na mikoba. Nilikanyagwa mpaka ndala moja ikakatika. Ukipenda kitu kimeandikwa "usiguse." Usichokipenda ndicho muuzaji anakufuata nacho. Vile vizuri kabisa vilikuwa ndani ya kioo, ukiuliza unaambiwa hivi ni vya maonyesho, haviuzwi.

"Sasa mmevileta vitutambie?" Shangazi aliuliza kila tulipojibiwa hivyo.

Na yeye hanunui kwa macho. Kila meza tuliyofika alitoa kitunguu mkobani, akaomba akate. Kipimo kilikuwa mie. Kisu butu kinakikamua kitunguu na kumliza kila aliye karibu, kisu kikali kinapita taratibu. Basi nilisogezwa pua juu ya kitunguu, yeye anakata, halafu anauliza, "Zuhura, unalia?" Nililia kwenye meza ya kwanza, nikalia kwenye ya pili, kwenye ya tano nililia pamoja na yule kijana wa kipaza sauti na watazamaji wake wote. Wallahi, watu walianza kutukimbia. Wakituona tu na ule mkoba, wanafunika visu vyao. Nilicheka huku makamasi yananitoka, na kwa muda nikasahau kabisa kwamba nina siri.

Mwisho kabisa wa banda, karibu na choo ambako hapakuwa na watu, tulimkuta Fundi Deo. Alikuwa mhunzi wa bara, wa kule Ufipa, mtu mfupi mwenye mikono yenye alama za moto. Hakuwa na kioo wala kipaza sauti, ana visu kumi na viwili tu juu ya gunia. Shangazi alipoona kimoja akakiinamia. Kilikuwa cheusi, kina mgongo mnene, ndugu wa kile kilichovunjika.

Akatoa kitunguu cha mwisho. Mie pua mbele. Kisu kikapita, sikusikia kitu. Vipande vikalala kimoja kimoja, na hewa ikabaki safi. Lakini kukiona kile kisu chenye ncha yake nzima kuliniuma, na machozi yakaanza kunitoka, mazito.

Shangazi akasimamisha kisu. Akavuta hewa puani. Akamwangalia Fundi Deo, macho makavu. Akaniangalia mie.

"Machozi haya ni ya kitunguu, au ya kwako?"

Neno lilifika hadi ulimini. Nikaufikiria mkeka, nikalimeza. "Ya kitunguu," nikasema.

"Mh," akasema Shangazi. Akamgeukia fundi, wakapatana bei bila kelele.

Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza. Fundi Deo alikifuta kile kisu, akakishika kwa mikono miwili, akainama kidogo, akamwelekezea Shangazi mpini. Shangazi akaficha mikono nyuma.

"Kiweke hapo kwenye gunia, baba, nitakichukua."

"Kwenye gunia?" Uso wa fundi ukabadilika. "Mama, kwetu mtu unayemheshimu unampa kitu mkononi, tena kwa mikono miwili. Nikiweka chini nimekudharau. Chuma nilichofua mwenyewe!"

"Na kwetu ukinipa kisu mkononi tutagombana."

"Mbona tayari tunagombana, mama?"

Shangazi alitaka kucheka, akajizuia. Hakuna aliyelegeza. Fundi akaanza kukifunga kisu chake kwenye kitambaa, na Shangazi akaanza kufunga mkoba, wote wawili wamenuna. Nikaona kisu kinaondoka, harusi haina kisu, na mwenye kosa ni mie.

"Kitunguu!" nikapiga kelele. Wakanigeukia. "Kichome kwenye kitunguu. Fundi atampa Shangazi kitunguu, kwa mikono miwili. Shangazi atapokea kitunguu. Hajapokea kisu."

Wakaangaliana. Nusu ya kitunguu ilikuwa imebaki. Fundi Deo akakichoma kisu katikati yake, akainama, akatoa kitunguu kwa mikono miwili kama anampa waziri. Shangazi akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Halafu wakaangua kicheko mpaka watu wakatoka chooni kuja kuangalia kuna nini.

Tulirudi getini jua limeanza kupungua ukali, kisu kipya kimefungwa vizuri ndani ya mkoba. Yule mlinzi mrefu akatafuta namba yetu, akatoa kisu kilichovunjika kwenye ndoo, akanitilia mkononi, gazeti limeshachanika. "Mpe mama yako," akasema, akaendelea na watu wengine. Nikageuka huku na huku natafuta pa kukiweka. Chini palikuwa na tope la maji ya wauza juisi, na miguu ya watu kila mahali.

Shangazi akanyoosha kiganja. "Lete."

"Mkononi, Shangazi?"

"Lete, nimesema."

Nikampa. Akakifumba mkononi, akashika kiuno kwa mkono wa pili.

"Haya. Nimepokea kisu mkononi. Sasa lazima tugombane, hatuna ujanja. Anza wewe."

Nilidhani anatania. Nikamwangalia usoni, hakuwa anacheka. Alikuwa anangoja tu, kwa subira, kama anavyongoja wali uive. Na kwa sababu ilikuwa lazima, na kwa sababu mtu hawezi kugombana bila neno la kuanzia, nikafungua mdomo.

"Shangazi, kile kisu ni mie niliyekivunja. Nilikuwa nafungua ubuyu. Hakuna panya."

Shangazi akafungua pindo la khanga yake, pale anapofungaga hela. Ndani mlikuwa na ncha ya kisu, bado ina rangi nyekundu ya ubuyu.

Basi aligombana! Kutoka getini mpaka Tandika, sauti ile ya mtaa wa pili, "Panya! Panya wangu anajua kufungua kopo kwa kisu! Angekimeza mtu kipande hiki je?" Nililia hasa, mbele za watu, ndala moja mguuni na nyingine mkononi. Tulipofika kona ya kwetu akaishiwa maneno, akaninunulia mua, akasema, "Ugomvi umekwisha." Kesho yake akamwita mnoa visu, akamwambia akiviringe kile kisu mbele, kisimtoboe mtoto. Na siku ya harusi akakiweka mkekani, mbele ya mahali palipoachwa wazi kati ya wanawake wawili wakubwa, akasema, "Kaa."

Miaka mingi niliamini Shangazi alipokea kisu mkononi kwa uchovu, au kwa sababu ya lile tope. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nilipokuja kumuuliza alijua lini. "Siku ileile," akasema. "Kopo lilikuwa limefungwa kuliko ninavyolifungaga mie. Lakini ningekuuliza tena ungeniletea panya wa pili." Ndipo nikaelewa. Mwanamke yule, aliyekuwa radhi kukosa kisu anachokitaka kuliko kukipokea mkononi, aliuchukua ugomvi kwa kupenda, aushike yeye, ili mie nipate mlango wa kupitia. Nalia kila nikikumbuka, na hapana kitunguu.

Mnoa visu wa jana alipomaliza nilimwambia akiweke kisu changu juu ya jiwe la kando ya njia, akakiweka. Nikarudi kibarazani nikakaa, simu yangu yenye ufa mapajani, nikamwita Rehema.

"Niletee kile kisu."

Akaenda, akakiokota, akaja nacho akiangalia chini. Akatafuta pa kukiweka, maana nimemlea vizuri. Nikanyoosha kiganja.

"Lete," nikamwambia.